Mwamuzi wa Mezani: Asili ya Mchezo wa Kuigiza na Ngano za Giza

Wanafunzi wengi wakisikia neno historia huwaza vita, mikataba na majina ya watawala. Mambo hayo yana mahali pake, wala hatuwezi kuyaacha. Lakini michezo ya watu nayo ina historia yake, na mara nyingine historia ya mchezo hutufunulia jambo juu ya tabia ya binadamu ambalo habari za wafalme hazitufunulii. Katika insha hii nataka kueleza asili ya mchezo mmoja ambao hauhitaji uwanja wala mpira, kwa kuwa vifaa vyake vikubwa ni maneno. Huchezwa na watu watano au sita walioketi kuizunguka meza. Mmoja wao huongoza, na kila mmoja wa wengine hujitwalia nafsi ya mtu wa kubuni: askari, mwizi, kasisi au mchawi. Kiongozi huwaeleza wanachokiona na kukisikia. Wao humjibu watakalotenda. Na panapokuwa na shaka kama tendo litafaulu au halitafaulu, hutupwa dadu ili kukata shauri. Mchezo huu tutauita mchezo wa kuigiza mezani.

Kwetu sisi jambo hili halikosi kutukumbusha jioni za hadithi. Msimulizi aliita, "Paukwa!" nao watoto wakaitika, "Pakawa!" na tangu hapo zimwi lilikuwa mlangoni. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Katika hadithi ya bibi msikilizaji aweza kutetemeka, ila hawezi kumzuia msichana asiingie nyumbani mwa zimwi. Katika mchezo huu msikilizaji ndiye msichana mwenyewe. Aweza kuingia, aweza kukimbia, aweza hata kuitia nyumba ile moto, na msimulizi hana budi kuifuata njia aliyoichagua.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo litatuongoza hadi mwisho. Kiongozi wa mchezo ndiye macho na masikio ya wenziwe. Ndiye mvua, ndiye adui, ndiye hakimu. Je, mtu mwenye uwezo mkubwa namna hiyo azuiwe na nini? Swali hili huwa zito zaidi katika aina moja ya hadithi ambayo wachezaji wengi huipenda, nayo ni ngano za giza. Katika ngano hizo uovu una nguvu, ushindi hauna hakika, na shujaa hulipa kwa damu yake au kwa akili yake kila hatua anayoipiga. Na huwa zito kupita kiasi pale kiongozi anapoketi mezani na watu ambao hajawaona maisha yake yote, kama inavyotokea katika mikutano mikubwa ya wachezaji. Ili tulijibu, yafaa tuanze mbali.

Safari yetu yaanzia Prussia, dola iliyokuwa katika nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ujerumani na Poland. Mwaka wa 1812 mtumishi mmoja wa serikali aliyeitwa Georg Leopold von Reiswitz alimletea mfalme wa Prussia meza ya ajabu. Juu yake palipangwa vipande vyenye sura ya nchi, vyenye mito, vijiji na misitu, na askari wakawakilishwa na vibao vidogo. Watoto wa mfalme waliupenda mchezo ule. Lakini aliyeutengeneza ukawa na manufaa kwa jeshi ni mwanawe, luteni wa mizinga, ambaye mwaka wa 1824 alitoa kanuni mpya. Badala ya meza ya thamani alitumia ramani za karatasi, ambazo kila kikosi kingeweza kuzipata. Wachezaji waligawanywa pande mbili, nao hawakuvigusa vibao wala hawakuruhusiwa kujua habari zote. Kila upande uliandika amri zake kwenye karatasi na kumpa mtu wa tatu, yaani mwamuzi.

Msomaji na amtazame vizuri mwamuzi huyu, maana ndiye babu wa kiongozi tunayemsimulia. Yeye peke yake ndiye aliyejua mahali pa kila kikosi. Jemadari aliyetuma wapanda farasi nyuma ya kilima hakuambiwa kilichopo huko mpaka wapanda farasi wale wafike. Hivyo maafisa walijifunza kuamua bila ya kujua kila kitu, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote vitani. Mkuu wa majemadari wa Prussia wakati ule, Karl von Müffling, alipouona mchezo ule alivutiwa sana, akaamuru usambazwe katika jeshi. Lakini uwezo wa mwamuzi wa mwaka wa 1824 ulikuwa na mpaka. Kitabu kilimwekea majedwali ya hesabu, na dadu ndiyo iliyosema ni askari wangapi wameanguka. Yeye alisoma tu alichoandikiwa na bahati.

Majedwali hayo yaliwachosha watu. Kuhesabu kulichukua muda mrefu kuliko kufikiri. Kwa hiyo mwaka wa 1876 afisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, alishauri kwamba majedwali na dadu viachwe, na mwamuzi aliye afisa mzoefu aamue kwa busara yake mwenyewe. Mchezo ukawa mwepesi na wa kasi. Lakini tuone na upande wa pili: mwamuzi aliyefunguliwa kamba za kitabu aliweza kuwa mwenye hekima, na vile vile aliweza kuwa mwenye upendeleo. Tangu siku hizo michezo ya namna hii imekuwa ikivutwa huku na huku na nguvu hizo mbili, kanuni upande mmoja na busara ya mwamuzi upande wa pili.

Baadaye mchezo wa vita ulitoka kambini ukaingia katika nyumba za raia. Mwaka wa 1913 mwandishi wa Kiingereza, H. G. Wells, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, yaani Vita Vidogo, ambamo alieleza jinsi ya kupigana sakafuni kwa askari wa risasi na mizinga ya kuchezea. Wells aliichukia vita ya kweli, na alitumaini kwamba aliyeionja ile ya sakafuni angeona upumbavu wa ile kubwa. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikazuka, na moto wake ukafika mpaka kwetu, ambako maelfu kwa maelfu ya wapagazi walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi na ule wa Kariakoo mjini Dar es Salaam ingali ina majina yanayotokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Tumaini la Wells halikutimia, lakini kitabu chake kilibaki, na baada ya Vita Kuu ya Pili vyama vya wapenzi wa michezo ya vita viliongezeka katika Uingereza na Marekani.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani. Katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, aliishi Gary Gygax, aliyezaliwa mwaka wa 1938. Kazi yake ilikuwa ya bima, na mapenzi yake yalikuwa michezo ya vita. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1968 alikodi jumba moja la mji huo kwa dola 50, akawaalika wachezaji waje kukutana. Walifika watu wapatao mia moja. Mkutano huo uliitwa Gen Con, jina lililokuwa na mzaha ndani yake: laukumbusha mji wa Lake Geneva, na papo hapo laukumbusha Mkataba wa Geneva unaohusu sheria za vita. Mkutano uliofuata, wa mwaka wa 1969, Gygax alikutana huko na kijana mmoja kutoka jimbo jirani la Minnesota, jina lake Dave Arneson. Kukutana kwao kulizaa mambo makubwa.

Lakini kabla hatujamfuata Arneson, yatupasa kumtaja mwenzake wa Minnesota, David Wesely. Huyu alikuwa amekisoma kitabu cha kale cha michezo ya vita kiitwacho Strategos, kilichoandikwa na Mmarekani Charles Totten mwaka wa 1880, na ndani yake alipata wazo kwamba mchezaji aruhusiwe kujaribu jambo lo lote, na mwamuzi aseme matokeo yake. Mwaka wa 1969 Wesely alitayarisha mchezo wa vita za zama za Napoleon katika mji wa kubuni uitwao Braunstein. Kwa kuwa wachezaji walikuwa wengi kuliko majemadari, aliwapa wengine kazi za raia: mmoja meya, mwingine mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo kikuu. Basi watu wale hawakungoja vita ianze. Walianza kunong'onezana pembeni, kufanya hila, kutafutana, hata ikawa Wesely hajui tena nani yuko wapi. Vita yenyewe haikupiganwa. Wesely alirudi nyumbani akidhani ameshindwa, kumbe wenziwe walikuja kumwomba awatayarishie mchezo mwingine wa namna ile ile.

Tukitafakari habari hii twaona kwamba uvumbuzi hautokei daima pale mtu anapokusudia. Wesely alitaka vita, akapata watu. Kila mchezaji alikuwa na nafsi moja tu ya kuitunza na lengo moja la kulitafuta, na hilo liliwapendeza kuliko kuamuru majeshi. Mmoja wa waliofurahia sana alikuwa Arneson. Mwaka wa 1971 alianza mchezo wake mwenyewe, nao aliuweka katika nchi ya kubuni ya Blackmoor, yenye ngome ya kale. Chini ya ngome hiyo palikuwa na mapango na vijia vya giza vilivyojaa viumbe wa kutisha. Wachezaji walishuka humo wakitafuta mali. Tena Arneson aliongeza jambo jipya: nafsi ya mchezaji haikufa mchezo ulipokwisha jioni. Iliendelea juma lililofuata, ikakusanya ujuzi na nguvu, ikawa na historia yake. Kwa sababu hiyo kifo chake, kilipotokea, kilimwuma mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka wa 1972 Arneson alikwenda Lake Geneva akamwonyesha Gygax mchezo wa Blackmoor. Wakati huo Gygax alikuwa amepoteza kazi yake ya bima, akawa anajipatia riziki kwa kushona viatu. Alipocheza usiku ule aliona mara moja thamani ya jambo lile. Aliandika kanuni, akatunga ngome yake mwenyewe, na wa kwanza kushuka ndani yake walikuwa watoto wake. Mwaka wa 1973 yeye na rafiki yake Don Kaye walianzisha kampuni ndogo iliyoitwa TSR, na punde si punde Brian Blume aliingia akaleta fedha za kuchapishia. Mwaka wa 1974 mchezo ulitoka, jina lake Dungeons & Dragons, ambalo maana yake ni magereza ya chini ya ardhi na majoka. Vilikuwa vijitabu vitatu ndani ya sanduku, bei yake dola 10. Masanduku 1,000 ya kwanza yalipangwa nyumbani kwa mkono, nayo yaliisha katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Mwanafunzi wa hesabu atapendezwa kujua kwamba pamoja na dadu ya kawaida ya pande sita, mchezo huu ulitumia dadu za pande nne, nane, kumi na mbili na ishirini. Maumbo hayo matano ndiyo yale yale ambayo Wayunani wa kale waliyachunguza na ambayo huitwa kwa jina la Plato. Hivyo elimu ya miaka zaidi ya elfu mbili ilipata kazi mpya katika kuamua kama upanga umempata joka au umemkosa.

Hata hivyo historia ya kweli haifichi ugomvi. Gygax na Arneson waliachana, na mwaka wa 1979 Arneson aliishtaki kampuni akidai haki yake ya malipo. Shauri lilipatanishwa mwaka wa 1981. Tunaposema kwamba mchezo huu ulibuniwa na fulani, tukumbuke Reiswitz, Verdy, Totten na Wesely waliotangulia. Mto mkubwa una vijito vingi, na yule aliyekaa mdomoni pa mto si yeye aliyeumba maji.

Sasa tumefika kwenye ngano za giza. Mwezi wa Julai mwaka wa 1975 ulifanyika katika mji wa Baltimore mkutano wa kwanza wa michezo uitwao Origins. Kwa ajili ya mashindano ya huko Gygax alitayarisha safari iitwayo Tomb of Horrors, yaani Kaburi la Vitisho. Palikuwa na wachezaji mahodari waliojivuna kwamba nafsi zao haziwezi kuuawa na kitu cho chote. Gygax alitaka kuwanyamazisha. Basi alibuni kaburi la mchawi mfu aitwaye Acererak, akalijaza mitego. Karibu na mlango wake palichorwa ukutani uso wa shetani wa kijani kibichi, kinywa wazi, na ndani ya kinywa palikuwa na giza tupu. Mtu aliyejipenyeza humo kwa tamaa hakurudi. Hakubaki hata unywele wake. Panga na misuli havikufaa kitu katika kaburi lile. Aliyeishi ni yule aliyesimama, akatazama, akafikiri.

Watu wameligombania kaburi hilo tangu siku hizo. Wengine husema ni dhuluma: kiongozi mwenye uwezo wote ametega mitego ili awaue wasio na uwezo. Wengine husema ni mtihani wa haki. Mimi kama mwalimu naona jambo moja linalowapa nguvu hawa wa pili. Gygax hakuua kimya kimya. Kwenye sakafu ya ushoroba wa kwanza aliweka maandishi ya mafumbo, na ndani ya mafumbo hayo mlikuwa na dalili za njia. Pia viongozi walipewa picha za kuwaonyesha wachezaji, ili waone kwa macho yao kile kinachowakabili. Mtihani mgumu si dhuluma iwapo jibu laweza kupatikana na mwenye kufikiri. Dhuluma ni mtihani usio na jibu, au wenye jibu lililo kichwani mwa mtahini peke yake.

Kadhalika mashindano yale yaliamsha tena ile hoja ya kale ya Prussia. Meza zilikuwa nyingi na viongozi wengi. Kama kila kiongozi angeamua kwa busara yake, mshindi asingejulikana kwa haki, maana meza moja ingekuwa na huruma na nyingine ukatili. Kwa hiyo safari za mashindano ziliandikwa kwa ukamilifu, kila chumba na kila mtego, na wachezaji wakapewa nafsi zilizokwisha tayarishwa, ili wote waanze sawa. Kutoka katika haja hiyo ya usawa zilitokea safari nyingi zilizochapishwa na kuuzwa. Kaburi la Vitisho lilichapishwa mwaka wa 1978.

Miaka iliyofuata ngano za giza zilipevuka. Mwaka wa 1981 Sandy Petersen alitoa mchezo wa Call of Cthulhu, uliojengwa juu ya hadithi za H. P. Lovecraft, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1937. Humo mchezaji si shujaa. Ni mtu wa kawaida anayechunguza mambo yasiyofaa kujulikana, na pamoja na hesabu ya uzima wake wa mwili kuna hesabu ya uzima wa akili yake, ambayo hupungua kila aonapo la kutisha. Mwaka wa 1983 Tracy Hickman na mkewe Laura walitoa safari ya Ravenloft, habari ya mtawala mfu anyonyaye damu, Strahd. Adui huyu hakukaa chumbani kungoja kuuawa. Alikuwa na huzuni, wivu na makusudi, na karata za kupiga ramli zilizofunuliwa mezani ziliamua mahali palipofichwa silaha na siri zake. Mwaka wa 1986 Waingereza nao walitoa mchezo wa Warhammer, ambamo mchezaji aliweza kuanza akiwa mtega panya tu, mwenye fimbo, mbwa na matope magotini. Katika michezo yote hiyo hofu haikutoka kwenye wingi wa mazimwi. Ilitoka kwenye udogo wa binadamu.

Wakati ule ule hofu ya namna nyingine iliwaingia watu wasiocheza. Mwaka wa 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu katika jimbo la Michigan alipotea, na magazeti yakavumisha kwamba amepotea katika mashimo ya chini ya chuo akicheza mchezo huu. Baadaye alipatikana yu hai katika mji wa mbali, na ikadhihirika kwamba taabu zake zilikuwa nyingine. Lakini uvumi una miguu mirefu kuliko ukweli. Katika miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wengi wa Marekani waliamini kwamba mchezo huu huwafundisha vijana uchawi na huwapeleka kwenye kujiua. Madai hayo hayakupata uthibitisho katika uchunguzi uliofanywa. Tusiwacheke wazazi wale. Waliwapenda watoto wao. Kosa lao lilikuwa kuhukumu kabla ya kuketi mezani na kusikiliza. Na ndani ya kosa lao palikuwa na chembe ya swali la maana: mtu akiamsha hofu katika moyo wa mwenzake, ana wajibu gani juu ya hofu hiyo?

Wachezaji wenyewe walilijibu swali hilo polepole, na jibu lilihitajiwa zaidi katika mikutano. Nyumbani, marafiki huzijua tabia za wenzao. Mmoja amefiwa juzi, mwingine haogopi kitu ila nyoka. Kiongozi hujua pa kunyamaza. Katika mkutano hajui lo lote. Aghalabu ana muda wa saa nne tu, ukumbi umejaa kelele za meza nyingine, na mbele yake wameketi wageni watano au sita. Yeye amekusudia kuwapitisha katika kijiji ambacho wafu hawalali. Atafanyaje?

Kiongozi mwenye busara hufuata njia iliyotengenezwa na historia tuliyoieleza. Kwanza, kama wale wa Baltimore, huja na nafsi zilizoandikwa tayari, ili muda usipotee na wote waanze sawa. Kila nafsi huipa jambo moja inalolipenda na jambo moja inaloliogopa, maana Wesely alionyesha kwamba mtu mwenye lengo lake hahitaji kusukumwa. Pili, husema waziwazi kabla ya kuanza ngano ni ya namna gani na imebeba mambo gani mazito, ili asiyependa aondoke kwa heshima. Tatu, huweka katikati ya meza kadi yenye alama ya X. Kadi hiyo ilianzishwa na John Stavropoulos wa Marekani, na kanuni yake ni fupi: mchezaji akiigusa, jambo linalosimuliwa huachwa au hubadilishwa, wala haulizwi sababu.

Wako waliosema kwamba kadi hiyo huua hofu, na hofu ikifa ngano ya giza imekufa nayo. Hoja hii yafaa kupimwa kwa haki. Ni kweli kwamba msikilizaji anayejua hakika kwamba hatadhurika hawezi kuogopa kama anayekimbizwa na simba. Lakini hofu ya mezani haikupata kuwa hofu ya simba. Mtu hukubali kushuka ngazi za giza kwa sababu anamwamini aliyeshika taa. Mwogeleaji huthubutu kwenda kwenye kilindi akijua kwamba kamba imefungwa pwani. Kadhalika mchezaji aliye mbele ya mgeni asiyemjua huuzuia moyo wake nusu nzima, mpaka ajue kwamba neno lake litasikiwa. Kadi haikuja kuondoa giza. Ilikuja kuwafanya watu wageni wathubutu kuliingia pamoja.

Baada ya hayo kazi iliyobaki ni ya sanaa, na hapo kiongozi hukumbuka Kaburi la Vitisho na Ravenloft. Hasemi, "Mnaona zimwi la kutisha." Husema kwamba kisima cha kijiji kimefunikwa kwa mlango wa kanisa, na kwamba mlango huo umepigiliwa misumari kutoka upande wa ndani. Kisha hunyamaza. Hutoa dalili kabla ya hatari, ili atakayeangamia ajue kwamba aliweza kuokoka. Dadu huitupa mbele ya macho ya wote, maana bahati iliyoonekana haina mwenye kuilaumu. Humpa nafasi mchezaji mkimya, kwa sababu mwenye sauti kubwa ataipata nafasi mwenyewe. Na saa ya nne inapokaribia huifikisha hadithi mwisho wake, hata akilazimika kuacha vyumba vizuri alivyovitunga kwa usiku mwingi. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kila mtunzi huvipenda vyumba vyake.

Mkutano ule ulioanza na watu wapatao mia moja katika jumba la dola 50 ulikua, ukahama mji baada ya mji, na tangu mwaka wa 2003 makao yake yamekuwa katika jiji la Indianapolis. Mwaka wa 2023 ulihudhuriwa na watu zaidi ya 70,000. Gygax alifariki mwezi wa Machi mwaka wa 2008, na Arneson akamfuata mwezi wa Aprili mwaka wa 2009. Ugomvi wao umebaki katika vitabu, na mchezo wao umebaki mezani.

Turudi basi kwenye swali letu. Mwamuzi wa mwaka wa 1824 alizuiwa na majedwali. Yule wa mwaka wa 1876 alizuiwa na uzoefu wake. Wa mwaka wa 1975 alizuiwa na maandishi ya mashindano, na wa leo huzuiwa na kadi iliyo mbele ya mkono wa aliye mdogo kuliko wote mezani. Kila kizazi kilitafuta kizuizi chake, kwa sababu kila kizazi kiligundua kwamba mwenye uwezo wa kuamua mambo ya wengine hawezi kuachiwa busara yake tu, hata akiwa mtu mwema. Na kila mara kizuizi kilipopatikana mchezo haukufa. Ulipata wachezaji wengi zaidi.

Mwanafunzi, siku moja nawe utashika uongozi wa kitu fulani: darasa, timu, ofisi, au jamaa yako mwenyewe. Labda hutaona dadu wala ngome yenye wafu. Lakini utaona nyuso zinazokutazama zikingoja useme kilichoko nyuma ya mlango. Siku hiyo ukumbuke kuwapa dalili kabla ya hatari, ukatupe dadu yako mbele ya macho yao, na uache mkono wa mnyonge ufike katikati ya meza.